Kalamu Moja, Wino Mmoja

Daftari lenyewe ni la shule, jalada lake buluu, na safu zake nilizipiga mwenyewe kwa rula usiku wa siku ile niliyoambiwa kwamba nina kisukari. Safu ya kwanza ni ya tarehe, ya pili ni ya sukari ya asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni, ya tatu ni ya sukari ya saa mbili baada ya chakula, na ya nne, iliyo pana kuliko zote, nikaipa jina la "Maelezo". Nimekuwa karani wa ghala hapa Tanga kwa miaka 22, kazi yangu ni kuandika kinachoingia na kinachotoka, kwa hiyo maradhi haya yaliponifika niliyapokea kwa namna niliyoizoea, yaani kwa kuyafungulia daftari. Leo nataka kueleza jinsi nilivyofanikiwa kwa daftari hilo, nikateleza, kisha nikalitumia lilo hilo kuficha kwamba nimeteleza. Na katika hayo matatu, la tatu ndilo lililonidhuru.

Ilikuwa Mei 2023. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, kiu haikatiki, suruali zinanipwaya, nami nikisingizia joto na uchovu wa kazi. Sukari ya asubuhi siku ile ilikuwa milimoli 14.2 kwa lita ya damu. Daktari alinieleza kwamba mtu akipimwa kabla ya kula akakutwa na 7.0 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikaonyesha vivyo hivyo, huhesabiwa kuwa ana kisukari. Mimi nilikuwa nimefika mara mbili ya hapo. Kile ambacho wagonjwa wenzangu hukiita kipimo cha miezi mitatu kilitoa asilimia 10.4.

Kipimo hicho kitarudi tena katika habari hii, kwa hiyo heri nikieleze mapema. Sukari iliyomo katika damu hujishikiza kwenye hemoglobini, ambayo ndiyo inayozipa chembe za damu wekundu wake, na chembe hizo huishi kama siku 120 hivi. Kadiri sukari inavyokuwa nyingi ndivyo hemoglobini nyingi zaidi inavyoshikwa, nayo ikishashikwa hubaki hivyo mpaka chembe ile inapokufa na nyingine kuzaliwa. Ndiyo sababu mtu akijinyima siku mbili kabla ya miadi ya kliniki, mashine ya kutoboa kidole itamsifu, lakini kipimo hiki kitasema aliishi vipi miezi miwili, mitatu iliyopita. Kwa wagonjwa wengi lengo huwa ni kushuka chini ya asilimia 7.

Usiku ule nilikaa na mke wangu tukapiga hesabu ya chai. Kijiko kidogo kimoja cha sukari kina kama gramu 4. Nilikuwa nikinywa vikombe vitano kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, ambazo ni gramu 60 kabla sijaigusa soda ya mchana, wala kashata ya barazani, wala halua ya mgeni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mtu huipata kutokana na chakula cha siku, na linaongeza kuwa ingefaa zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani takribani gramu 25, ambazo ni kama vijiko sita. Mimi vijiko sita nilikuwa nimeshavimaliza kabla ya saa nne asubuhi.

Sikuikata sukari kwa siku moja. Vijiko vitatu vilikuwa viwili kwa majuma mawili, vikawa kimoja, kikawa nusu, mpaka ikafika siku kijiko kikabaki sahanini kikavu. Mke wangu aliongeza tangawizi, hiliki na mchaichai ili ulimi upate cha kushika. Wali wa nazi ulipunguzwa, mchicha na bamia vikaongezwa, samaki akabaki mahali pake. Nikitoka kazini na kuswali Alasiri, nilikuwa nikitembea kutoka Ngamiani, navuka reli, napita mjini mpaka Bustani ya Jamhuri, nakaa dakika kumi nikikitazama kisiwa cha Toten na ngalawa zikirudi, kisha narudi kwa miguu yangu. Nilikuwa nimeelezwa kwamba misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu hata pale ambapo insulini ya mwili imeshindwa kazi yake, na kwa kuwa nina desturi ya kuamini kilichoandikwa, nilipima kabla na baada ya matembezi nikaona kwa macho yangu: 9.6 ikawa 7.8. Metfomini, vidonge vyangu vya kushusha sukari, nilimeza asubuhi na jioni pamoja na chakula, bila kuruka.

Agosti kipimo cha miezi mitatu kilitoa asilimia 8.1, na Novemba kikatoa 6.6. Muuguzi aliizungushia namba ile duara kwa kalamu yake, akaniambia nimwonyeshe mama nyumbani, nami niliibeba karatasi ile mfuko wa shati kwa siku tatu nikiwaonyesha na watu wasioniuliza.

Watu wakitaka kujua nilirudi nyuma lini, jibu lililo karibu ni Ramadhani ya mwaka 2024, kwa sababu ndipo nilipokula kitamu kwa mara ya kwanza. Nami kwa muda mrefu niliamini hivyo. Lakini mwaka jana, nilipokuwa nalipitia daftari ukurasa kwa ukurasa kama ninavyopitia vitabu vya ghala hesabu inapopungua, niliona kwamba upungufu ulianza mapema zaidi. Mpaka Novemba 30 kila safu imejazwa. Disemba 9 safu ya "Maelezo" iko wazi, na tangu hapo haikujazwa tena isipokuwa kwa kuvizia. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa naandika sukari ya asubuhi peke yake, na Januari kuna siku 11 mfululizo ambazo hazina hata namba moja. Siku hizo nilikuwa bado nakunywa chai isiyo na sukari, na bado natembea. Hakuna kilichoharibika. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba nilikuwa nimeambiwa na kila mtu kuwa nimepona, mjini, kazini na msikitini, nami nikaona hakuna haja ya kujichunguza mtu mzima kila kukicha kwa vijiti vya kupimia sukari ambavyo kila kopo lake linauzwa ghali. Hoja ya bei ilikuwa ya kweli, wala sitaki kuidharau, kwa maana wako wagonjwa wengi ambao bei hiyo ndiyo inayowafungia mlango. Lakini mimi sikuwa nimekosa fedha za vijiti. Nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa, na sifa zile zilinipa ruhusa ya kupumzika.

Kisha ikaja Ramadhani, ikaja pamoja na masika. Daktari alikuwa amenipangia vizuri, dozi moja ya vidonge wakati wa futari na nyingine wakati wa daku, nifungue kwa tende na maji, nisijaze tumbo kwa mara moja, na nikiona sukari imeshuka mno nifungue bila kusubiri magharibi. Siku tisa za mwanzo nilikwenda sawa. Siku ya kumi tulialikwa futari kwa dada yangu, na katikati ya mkeka kulikuwa na bakuli la kaimati zilizotoka jikoni muda huo huo, shira bado inachuruzika pembeni na harufu ya hiliki inapanda. Shemeji aliniwekea tatu kwenye sahani bila kuniuliza, kwa heshima tu ya mgeni, nami nikazila zote tatu, na ninakumbuka mpaka leo kwamba ya kwanza ilinipa furaha, ya pili ilinipa kumbukumbu ya utoto wangu, na ya tatu niliila kwa hasira.

Hasira hiyo ndiyo ninayotaka ieleweke. Kaimati tatu hazikuwa msiba. Mwili wa mgonjwa aliyejitunza miezi kumi ungeweza kuzibeba, na kutembea nusu saa usiku ule kungesaidia. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nilikuwa najisemea, "Nimeshaharibu." Na mtu akishajiambia kwamba ameshaharibu, hana tena cha kulinda. Kesho yake nilikunywa uji wa sukari, keshokutwa tambi, na kufikia kumi la mwisho chai ya daku ilikuwa imerudi katika vijiko vyake vitatu.

Binti yangu, ambaye anasomea uuguzi, alinieleza baadaye kuwa jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani, Herman na Mack, waliwaita wasichana wa chuo kikuu kana kwamba wanakuja kuonja vyakula tu. Baadhi yao walipewa kwanza kinywaji kizito cha maziwa na sukari, wengine hawakupewa, kisha wote wakaachiwa aiskrimu waionje kadiri wapendavyo. Wale waliokuwa hawajizuii kula waliposhiba maziwa walikula aiskrimu kidogo, kama inavyotarajiwa kwa mtu aliyekwisha kushiba. Wale waliokuwa wakijizuia kwa nidhamu ndio waliokula zaidi baada ya kunywa maziwa kuliko walipokuwa hawajayanywa. Mwiko ulipokwisha kuvunjwa, siku ile ilihesabiwa kuwa imepotea yote. Binti alipokuwa ananisomea habari hiyo sebuleni nilinyamaza kimya, kwa sababu nilijiona nimekaa pale pale mkekani kwa dada yangu, sahani mkononi.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Njia ya kwenda bustanini ilijaa maji, baiskeli nikaiingiza stoo, na kazini nikawa nakwenda kwa bajaji. Sina la kulaumu katika hilo, mvua ni mvua, ila mvua ilipokatika baiskeli haikutoka stoo.

Mei nikaanza kudanganya. Tarehe 14 asubuhi mashine ilionyesha 12.7. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu, mke wangu akiwa jikoni, kisha nikaandika 7.2 nikijiahidi kwamba nitaisahihisha kesho nikishashusha. Kesho sikupima. Miadi ya kliniki ya mwezi ule sikwenda. Nilipita duka la dawa nikanunua vidonge, nyumbani nikasema foleni ilikuwa ndefu. Kazini kulikuwa na mama lishe mtaa wa pili, na kila saa nne nilikuwa nakaa kwake pembeni kabisa, nimewapa wapita njia mgongo, nanywa chai ya maziwa ya vijiko vitatu na maandazi mawili, kisha nasukutua kinywa kwa maji ya jagi kabla sijaondoka. Jioni nyumbani nilikunywa chai ya rangi isiyo na kitu, mbele ya watoto, kwa utulivu mkubwa. Mtu mwenye miaka 51, baba wa watoto wanne, nilikuwa naficha kikombe cha chai kama mwanafunzi anavyoficha sigara.

Usiku wa kuamkia miadi ya Julai nililitoa daftari. Siku 21 za mwisho zilikuwa tupu. Nilizijaza zote kwa kikao kimoja: 6.2, 6.8, 5.9, 7.1, na kwa kuwa karani yeyote anajua kwamba hesabu iliyonyooka mno hutiliwa shaka, katikati niliweka 8.3 moja, na kwenye maelezo nikaandika "harusi".

Muuguzi aliyenipokea alikuwa msichana, pengine rika la binti yangu. Alinisalimia shikamoo, akalichukua daftari kwa mikono miwili, akaanza kulifunua kuanzia mwisho kurudi mwanzo, jambo ambalo sikuwa nimelitarajia. Alifika mpaka kurasa za mwaka 2023, akarudi tena mbele, akaweka kidole.

"Baba," akaniambia kwa sauti ya chini ili foleni isisikie, "huku nyuma kalamu zinabadilika. Kuna ya buluu, kuna nyeusi, hapa pana doa la chai. Huku mbele ni kalamu moja, wino mmoja, siku ishirini na moja."

Sikujibu. Karatasi ya kipimo cha miezi mitatu ilikuwa imekwisha kuja, iko chini ya mkono wake, imeandikwa 9.3.

"Basi leo tuliache hili daftari," akasema, akalifunga. "Tuanze na chai ya asubuhi. Umekunywa?"

"Nimekunywa, mwanangu."

"Ya sukari?"

"Ya sukari. Vijiko vitatu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi minne kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu. Hakunikemea. Aliandika katika faili lake, akauliza la pili, na mimi nikaendelea kujibu kweli tupu mpaka mwisho, hata yale ya mama lishe na ya kusukutua kinywa. Siwezi kueleza vema wepesi nilioupata, isipokuwa kwa kusema kwamba nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani bila kupanga.

Daktari ndiye aliyenionyesha ukubwa wa nilichofanya. Dozi ya dawa hupangwa kwa kuangalia kilichoandikwa. Kama siku ile kipimo cha miezi mitatu kisingekuwapo, na namba zangu zikaaminiwa, ningeendelea na dozi ile ile huku damu inaharibika. Na kama namba zangu zingekuwa za kweli tangu Mei, nisingekaa miezi miwili zaidi katika sukari ya 12 na 13. Ghalani nimewahi kuona mtu akiandika magunia yasiyokuwapo. Kosa halionekani siku ile. Linaonekana lori likija kupakia.

Nilimkumbuka pia marehemu mjomba wangu, aliyekuwa na kisukari miaka mingi wakati sisi tukiwa vijana. Sukari inayokaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu akakanyaga msumari au kiatu kikamchubua asisikie, na damu isiyofika vizuri huko chini hukifanya kidonda kisipone. Mjomba alipata kidonda chini ya kidole gumba. Aliona haya kusema, kwa sababu alikuwa amekatazwa kwenda pekupeku naye alikwenda, basi akawa anavaa soksi ndani ya nyumba, katika joto la Tanga, na sisi tukidhani ni uzee. Alipovuliwa soksi ile mguu ulikuwa umekwisha kuoza, ukakatwa chini ya goti. Wazee wetu wana msemo wa mficha maradhi kifo kumuumbua, nami nimeusikia tangu utotoni nikidhani unawahusu wenye magonjwa ya aibu. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kuhusu soksi, au kikombe cha chai.

Kumwambia mke wangu kulinichukua siku mbili zaidi. Nilimwambia baada ya Isha, watoto wamelala, nikaliweka daftari mezani na kumwonyesha kurasa zile za kalamu moja. Alizitazama kwa muda.

"Mimi nilijua, baba watoto," akasema.

"Ulijuaje?"

"Uliacha kulalamika kwamba chai haina ladha. Nikajua unaipata kwingine."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia kwamba alisubiri nimwambie mwenyewe, kwani aliogopa akinifumania nitajifunza kuficha vizuri zaidi. Nimelifikiri sana jibu hilo, na sijui kama ningekuwa na subira yake.

Tangu hapo nimejaribu kuelewa kwa nini tabia iliyokuwa imekwisha kuondoka iliijua njia ya kurudi. Watu hupenda kusema juu ya mji wetu kwamba waja leo, waondoka leo, lakini mazoea ya miaka thelathini si mgeni wa aina hiyo. Pavlov wa Urusi, aliyewafundisha mbwa kudondokwa na mate kwa kusikia sauti fulani iliyoandamana na chakula, aliona pia kwamba sauti ikirudiwa mara nyingi bila chakula mate hukoma. Kisha mbwa akipumzishwa na kusikilizishwa tena, mate hurudi yenyewe. Kilichofundishwa hakikuwa kimefutwa. Mark Bouton wa Chuo Kikuu cha Vermont ametumia miaka mingi kuonyesha, kwa panya, kwamba tabia iliyozimwa mahali pamoja huamka mnyama akihamishwa mahali pengine, kwa sababu kule kujizuia alikojifunza kumefungamana na mahali pale alipojifunzia. Mimi nilijifunza kunywa chai isiyo na sukari nyumbani kwangu, kwenye meza yangu, mbele ya mke wangu. Kwa mama lishe sikuwahi kujifunza. Kule saa nne bado ilikuwa ni vijiko vitatu, kama ilivyokuwa tangu nilipoajiriwa.

Kwa hiyo nilirudi kule kule. Wengine walinishauri nibadilishe njia nisipite tena kwa yule mama, na ushauri huo una maana yake, lakini mtaa ule nitaupita mpaka nistaafu. Nilimwendea siku moja kabla wateja hawajajaa nikamweleza hali yangu, nikamwomba chai yangu iwe ya rangi na tangawizi bila sukari, na nikimwomba sukari aniulize mara mbili. Alishtuka, akasema angejua asingeniwekea siku zote zile. Nilimwambia hakuwa na namna ya kujua. Sasa ananiita "baba tangawizi", na wateja wawili wa pale, ambao kumbe nao wana sukari, wamehamia upande wa chai yangu.

Jambo jingine lililonisaidia ni kulitenga neno "kuteleza" na neno "kuanguka". Marehemu Alan Marlatt, aliyewashughulikia watu walioacha pombe na sigara, aliandika pamoja na Judith Gordon mwaka 1985 kwamba mara ile moja ya kurudia si kitu kimoja na kurudi moja kwa moja. Kinachomvusha mtu kutoka huku kwenda kule, mara nyingi, ni tafsiri anayojipa mwenyewe, kwamba yeye ndivyo alivyo na hawezi. Na huko London, Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza jambo moja jipya kila siku, kama kunywa maji au kutembea, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Jambo lilichukua wastani wa siku 66 kufikia kufanyika lenyewe bila kufikiriwa, wengine siku 18, na wengine makadirio yalifika 254. Lakini lililonifariji ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kaimati zile tatu zilikuwa ni siku moja. Miezi minne niliiongeza mwenyewe.

Sijarudi katika 6.6. Novemba 2024 kipimo kilitoa 8.0, na Machi 2025 kikatoa 7.2, baada ya dozi kuongezwa na baiskeli kutoka stoo. Lakini safari hii ulimi ulizoea chai isiyo na sukari kwa siku kumi badala ya miezi miwili, na njia ya kwenda bustanini miguu iliikumbuka tangu siku ya kwanza. Mazoea mema nayo hayakuwa yamefutwa.

Daftari ninalotumia ni lile lile. Nilitaka kuzichana kurasa za Julai nikaona huo utakuwa ni uongo wa pili, basi nilizikata kwa mstari mmoja wa mshazari, nikaandika juu yake "si kweli", na kuendelea chini. Kanuni ni kwamba namba huandikwa kabla mashine haijazimika, na kila Jumapili mke wangu hulisoma.

Jumamosi tulikuwa na harusi Chumbageni. Jana asubuhi mashine ilionyesha 9.1, nikaandika 9.1, na kwenye safu ya maelezo nikaongeza: "Harusi. Biriani, sambusa mbili, soda moja, halua kipande kimoja. Nimetembea dakika 40 usiku." Mke wangu alilichukua daftari baada ya chai, akavaa miwani yake, akasoma mstari ule taratibu. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kalamu nyekundu ambayo mtoto alikuwa ameiacha mezani, akakata neno "kimoja", na juu yake akaandika "viwili".